Huyu Si Ng'ombe

Daktari wa mifugo alisimama mlangoni mwa banda langu hapa Kishanda, mikono mfukoni, akamtazama farasi wangu kwa muda ule ambao mtu hutumia kusoma bango la barabarani. Kisha akanigeukia. "Mama, farasi asiye na viatu hana maisha. Mvishe viatu vya chuma, au tumpumzishe." Hakuinama. Hakushika mguu hata mmoja. Alisimama pale pale kwenye kizingiti cha saruji asije akachafua viatu vyake, na kati yake na yule mnyama kulikuwa na hatua nne nzima.

Nilimuuliza kumpumzisha ndiyo kufanya nini, ingawa nilijua. Nimekuwa nesi karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na maneno hayo ya kuzungukazunguka nimeyasema mwenyewe kwa ndugu za wagonjwa.

"Sindano, mama. Hatasikia kitu."

Jamani, hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Ametoka Bukoba mjini, nimemkaribisha, nimempa chai na ndizi za kuchoma, halafu anamhukumu mnyama kwa kumwangalia usoni. Akaendelea, sauti ya upole ile wanayofundishwa vyuoni, kwamba baada ya miezi mitatu, mwezi wa nane hivi, atapita tena upande wetu wa Muleba kuchanja ng'ombe. Akimkuta bado anachechemea namna hii, basi itabidi tufanye ubinadamu. Eti ubinadamu! Nyuma yake alisimama shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akiitikia kwa kichwa kila neno kama vile naye alisomea. Yeye alishalitolea macho banda lile zamani, alitaka aweke ng'ombe wa maziwa.

"Shemeji," akaniambia, "msikilize mtaalamu."

Nikasonya, wakasikia wote wawili.

Niseme kwanza huyu farasi alitoka wapi, maana watu wa kwetu wakisikia mjane wa Kishanda ana farasi hucheka ndipo waulize. Mume wangu alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la wageni huko kando ya ziwa. Walikuwa nao sita, wa kutembezea watalii. Biashara ilipokufa wageni wakafunga virago, farasi wakapakiwa kwenye lori, akabaki mmoja, jike mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa, aliyegoma kabisa kupanda lile lori. Walimvuta, wakamsukuma, wakambembeleza kwa karoti, wapi. Mwishowe wakamwachia mume wangu. Akamshika kamba wakatembea siku mbili mpaka nyumbani.

Wakati huo mimi nilikuwa bado kazini hospitali, nimepanga chumba Bilele, kule Bukoba mjini, nakuja Kishanda mwisho wa wiki. Jumamosi moja nikashuka kwenye pikipiki nikakuta nusu ya kijiji imejaa uani kwangu na mume wangu amekumbatia mguu wa farasi, koleo mkononi, anang'oa misumari. Kule shambani alikuwepo fundi wa kuwavisha viatu vya chuma, lakini huku fundi huyo atoke wapi? Viatu vilishaanza kulegea vyenyewe. Aling'oa kimoja baada ya kingine akavitupa kwenye ndoo, vikilia kwa kelele.

"Sasa atatembeaje?" nikamuuliza.

"Kwani alizaliwa navyo?"

Uani kote watu wakacheka. Nikacheka na mimi, ingawa sikuamini. Lakini jike yule alitembea. Siku za mwanzo aliweka miguu chini kwa wasiwasi, anachagua pa kukanyaga, na baada ya miezi michache ungemwona anapanda rweya na mume wangu kana kwamba mawe hayapo. Rweya ni ile nchi ya wazi iliyo nje ya vibanja vyetu vya migomba, mawe mekundu na nyasi tupu, ambako kila nyumba huenda kukata nyasi za kutandaza chini ya migomba. Watu wanabeba mizigo ya nyasi kichwani. Mume wangu alimbebesha farasi. Miaka mitatu, pekupeku, mvua na jua, sikuwahi kusikia amechechemea.

Nilikuwa na lalamiko moja tu juu ya farasi yule, nalo lilikuwa samadi.

Mimi ni binti wa kibanja. Nimezaliwa chini ya migomba na kahawa, na kwetu ng'ombe anafugwa kwa ajili ya samadi kabla hujafikiria maziwa. Unamtandikia nyasi. Anazinyea, anazikojolea, anazikanyaga. Huzitoi. Kesho unaongeza nyingine juu yake, na kesho kutwa nyingine, linapanda tabaka juu ya tabaka, linachemka lenyewe kwa chini, mpaka siku ya kulichimba kwa jembe na kulipeleka kwenye migomba. Mama yangu angekuona unafagia samadi na kuitupa juani ikauke, angekuita kando akuulize kama una akili timamu. Mwanamke wa hivyo anasemwa mpaka kanisani.

Sasa mume wangu, kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, alifagia banda lote. Kinyesi chote, majani yote yaliyolowa, nje! Akaacha sakafu ya udongo tupu, safi kama uwanja wa harusi, ndipo akamwaga nyasi kavu kidogo kwenye kona. Mimi nikimwona roho inaniuma. Pasaka moja nikashindwa kuvumilia, nikamfuata pale na kanga yangu ya kanisani.

"Samadi yote hii unatupa?"

"Huyu si ng'ombe," akasema, wala hakuacha kufagia.

"Na wewe si Mhaya. Wale wageni wamekuharibu, wamekufanya boi wao mpaka ndani ya kibanja cha baba yako."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Alicheka kidogo kwa pua, akaendelea na fagio lake. Haikufika Pasaka nyingine. Presha ilimwangusha asubuhi pale uani, na mimi, nesi, niko zamu mjini napima presha za watu wengine. Bado sijaisamehe siku ile na sitarajii kuisamehe.

Nilipostaafu, muda mfupi baada ya mazishi, nikahama Bilele moja kwa moja nikarudi Kishanda. Watoto wakanipigia simu kutoka Mwanza, mama uza huyo farasi, mama utamfanyia nini. Nikawaambia farasi wa baba yenu atakufa kwa uzee, na mimi nitamtunza kuliko alivyotunzwa na mtu yeyote. Na nilimtunza kweli! Kwetu mgeni wa heshima akija unamtandazia nyasi mpya ndani ya nyumba, akanyage pazuri. Nikasema huyu naye ni mgeni wa marehemu, hatalala kwenye udongo mtupu kama mfungwa. Kila siku nilimtandikia nyasi, nyingi, za kijani, laini. Kila siku juu ya zile za jana. Nilikuwa nalala na roho nyeupe.

Mvua za masika zilipokolea akaanza kuchechemea. Kwanza mguu wa mbele wa kushoto, baadaye ile miwili ya mbele yote. Akawa anasimama ameegemea nyuma, hataki kutoka, nikimvuta anakanyaga kama mtu anayepita juu ya mahindi yaliyomwagika. Ndipo nikampigia daktari, na daktari akaja, na akasimama kwenye kizingiti na mikono yake mfukoni.

Siku nne baadaye nikapanda gari kwenda Bukoba kumfuata kwenye duka lake la dawa za mifugo. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikamkuta anamuuzia mtu dawa ya minyoo. Nikangoja zamu yangu kama mtu mstaarabu, kisha nikamwambia, daktari, farasi huyu ametembea pekupeku juu ya mawe miaka mitatu na hakuugua. Iweje leo ugonjwa wake uwe ni kukosa viatu?

Akatoa simu akanionyesha picha za farasi wa Ulaya wamevaa viatu, wanang'aa. "Unaona hawa? Wote wamevishwa. Huko ndiko wanakojua farasi, mama."

"Mimi nakuuliza habari za farasi wa Kishanda."

"Kwato zimelika. Kila kitu kina mwisho. Mawe yale yamezila kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo."

"Umezionaje zimelika na hukunyanyua hata mguu mmoja?"

Watu wawili waliokuwa dukani wakageuka. Daktari akatabasamu, lile tabasamu la kumvumilia mwanamke mzima. "Mama," akasema, "wewe ni nesi wa binadamu. Nakuheshimu sana. Lakini hii ni taaluma nyingine."

Nilitoka pale nikashika njia. Niliyafikia makutano ya barabara bila kujua nimepita wapi. Kijana wa umri wa mwanangu wa pili! Nimefunga vidonda vya watu kabla yeye hajaota meno, nimesimamia wodi ambazo madaktari wake wenyewe walikuwa wakiniuliza, sista, huyu tumfanyeje. Nikakaa kwenye benchi la mama muuza matunda nikampigia fundi mmoja wa viatu vya farasi, namba yake nilipewa na mtu aliyefanya kazi na mume wangu. Anaishi Arusha. Nilikuwa nimemtumia video tangu jana yake.

"Niliiona, mama," akasema. "Farasi wa damu ile hatembei pekupeku. Kwato zake laini. Kwani Kagera nako mna farasi?" Akacheka. "Nije mpaka huko kwa farasi mmoja? Labda mumlete."

Nimlete Arusha! Mnyama ambaye watu kumi walishindwa kumpandisha lori akiwa mzima. Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu. Mama muuza matunda akaniuliza, "Waitu, kuna msiba?" Nikamwambia bado.

Nilifika Kishanda saa tisa alasiri na hasira yangu nzima, haijapungua hata kidogo. Sikubadilisha hata nguo. Nikapanda kwenye ngazi nikaitoa tupa ya mume wangu pale ilipokuwa imechomekwa kwenye boriti, ile aliyokuwa akiitumia kulainisha kingo za kwato kila baada ya wiki kadhaa. Nikasema, kama hakuna mwanamume wa kuinama, nitainama mimi. Nikavaa buti za mvua, nikaingia, nikamfunga kamba, nikasimama ubavuni kwake kama nilivyomwona marehemu akifanya, nikateremsha mkono mguuni, naye, maskini, akaunyanyua mwenyewe. Alikuwa amezoea. Alikuwa anangoja tu mtu amwombe.

Harufu ikanipiga usoni.

Ile harufu naijua. Ningeijua hata usingizini. Ni harufu ya mguu uliokaa kwenye unyevu mpaka ukaoza, nimekutana nayo katikati ya vidole vya wakulima, chini ya bandeji za wagonjwa wa kisukari, kwenye soksi za walinzi waliokesha mvuani. Nikageuza kwato juu. Pale katikati ya wayo, kwenye ile sehemu ngumu yenye umbo la pembetatu ambayo mume wangu aliniambia ndiyo moyo wa mguu wa farasi, nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Kikatoka cheusi.

Lakini ukuta wa kwato ulikuwepo. Mnene, mzima. Mawe hayakula kitu.

Nikauteremsha mguu taratibu, nikatazama chini. Buti zangu zilikuwa zimezama mpaka kwenye vifundo. Nikachukua jembe nikachimba pale pale niliposimama. Nyasi za kijani za leo. Chini yake za njano, zimelowa chapachapa. Chini yake nyeusi. Nilipofika chini zaidi mvuke ukapanda, ukali wake ukanitoa machozi, na machozi hayo sijui yalikuwa ya mvuke peke yake. Samadi safi kabisa. Mama yangu angenisifu.

Miaka yangu yote ya kazi nimewaambia watu neno moja: kausha. Osha, kausha, kausha katikati ya vidole. Nimewagombeza wazee wa watu juu ya soksi mbichi. Halafu nikamchukua kiumbe pekee alichoniachia mume wangu, nikamsimamisha usiku na mchana juu ya mavi na mikojo yake mwenyewe, na kila siku nikamwongezea nyasi juu ili nisiyaone! Kwa heshima! Siku nzima nimemtukana daktari moyoni kwa sababu hakuinama. Na mimi je? Tangu tumzike marehemu, ni lini niliinama? Mguu ule nilikuwa sijaunyanyua hata mara moja.

Nilimwambia farasi maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilijitukana kwa Kiswahili, nikahamia Kihaya, maana Kihaya kina matusi yanayofika mbali zaidi. Kisha nikavua kanga ya mabegani nikaanza kuchimba.

Nilichimba siku tatu. Nikabeba yote kwa karai mpaka kwenye migomba, upande ule unaopakana na shemeji, kwa sababu mtu wa kibanja hata akiwa na aibu hawezi kuitupa samadi. Nikafika kwenye udongo. Nikaleta changarawe kutoka rweya, mizigo midogo midogo, nikaishindilia. Asubuhi na jioni nikamwosha kwato kwa maji ya chumvi na brashi, nikachimbua uozo kwa ncha ya kijiko kama nilivyokuwa nikisafisha vidonda, nikakausha kwa kitambaa, nikapaka ayodini. Kisha nikamsimamisha juani mahali pakavu. Na kila siku, kabla ya chai, nikafagia.

Shemeji alikuwa akipita njiani na kikombe chake, anasimama. "Shemeji, unajisumbua. Mtaalamu ameshasema."

"Mtaalamu amesema viatu. Mimi naosha miguu."

"Kwa hiyo wewe umemshinda daktari?"

"Ondoka mbele ya jua, mnyama anakauka."

Mwezi mzima wa mwanzo sikuona kitu zaidi ya kwamba harufu ilikwisha. Nikaamka kila siku nahesabu zilizobaki kabla ya yule mtu na sindano yake. Mwezi uliofuata mvua zilikatika, kiangazi kikaingia, na ile sehemu ya katikati ikaanza kuwa ngumu, kama kisigino cha mtu anayelima. Nikaanza kumtembeza kwenye uwanja wa udongo. Baadaye njiani. Baadaye, asubuhi moja nimeshika kamba kwa mikono miwili kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, nikampandisha rweya. Akasimama kwenye mawe ya kwanza, akanusa, akaweka mguu. Akaweka na mwingine. Akainamisha kichwa akaanza kula nyasi, hana habari na mimi. Nilikaa chini juu ya jiwe nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Mwezi wa nane daktari akaja na begi. Kumbe shemeji alishamtangazia kila mtu kwamba anakuja, kwa hiyo majirani wakajikusanya kama siku ile ya koleo. Daktari akakuta banda tupu, limefagiliwa. Akafikiri amekufa, nikaona kabisa uso wake umelegea.

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Yuko rweya."

Tukapanda wote, msafara mzima. Jike alikuwa mbali kidogo, kwenye yale mawe mekundu. Nikampigia mbinja kama marehemu alivyokuwa akimpigia. Akainua kichwa, akaja. Hakutembea, alikuja mbio ndogo, juu ya mawe yale yale, kokoto zikiruka, akasimama begani kwangu.

Daktari akamtazama miguuni. "Nani kamvisha viatu?"

"Inama uangalie."

Nakiri hapa kwamba neno lile nilikuwa nimelitunza miezi mitatu. Nililinoa kila asubuhi kwenye fagio. Akaweka begi chini, na mbele ya watu wote akainama. Akanyanyua mguu wa kushoto, akabonyeza, akanusa. Akanyanyua wa kulia. Shemeji, ambaye hajawahi kukaa upande unaoshindwa, akasema kwa sauti, "Kumbe na daktari naye hubahatisha!" Rweya nzima ikaangua kicheko.

Nilikuwa na maneno mengine tayari. Nilikuwa na habari za picha za Ulaya, na za nesi wa binadamu. Daktari akainuka, jasho usoni. Akaniuliza polepole, "Mama, sasa tatizo lilikuwa nini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza juu ya ugonjwa wenyewe tangu tufahamiane. Na ningeweza kumjibu chochote. Watu walikuwa wangu, siku ilikuwa yangu, kijana alikuwa mbele yangu ameshika kofia. Ningesema ni dawa ya bibi yangu wangeamini.

"Mimi," nikasema. "Nilimlaza kwenye samadi. Nilimfuga kama ng'ombe. Miguu ilioza."

Kicheko kikaisha. Daktari akanitazama, kisha naye, badala ya kushukuru, akapandisha sauti. "Sasa mama, ungeniambia analala juu ya samadi!"

"Ungeniuliza!"

"Ulinipigia simu ukasema anachechemea tu!"

"Na wewe ulisimama mlangoni kama mgeni wa ubatizo! Hatua nne, daktari! Ungezitembea ungezama, ungejua mwenyewe!"

Tukagombana hivyo mbele ya watu mpaka tukachoka. Alipokuwa anafunga begi akasema bado msimamo wake ni kwamba barabara ya lami atahitaji viatu. Nikamwambia huyu farasi hana safari ya lami. Akacheka, na mimi nikacheka bila kupenda, nikampa mkungu wa ndizi aende nao mjini. Tangu hapo akiitwa mahali hushika miguu kwanza, nimeambiwa. Nafurahi, lakini si sana.

Kijijini habari iliyobaki ni kwamba mjane wa Kishanda alimshinda daktari. Sehemu ile ya samadi waliiacha juu kule kwenye mawe, hakuna aliyeteremka nayo. Nikisifiwa njiani nakasirika. Nikijaribu kuwaeleza wananiona najishusha tu.

Mwaka uliofuata migomba ya upande ule niliomwagia samadi ilizaa mikungu ambayo ilibidi tuiwekee nguzo mbili mbili. Shemeji akaja asubuhi kuiangalia, akaizunguka, akaipigapiga kwa kiganja. Kisha akaja mpaka mlangoni mwa banda. Mimi nilikuwa ndani nafagia, kinyesi chote nje, juani. Akatazama lile rundo linalokauka na roho ikamuuma, nilimwona.

"Samadi yote hii unatupa?"

Maneno yale yale. Hata namna ya kuyavuta.

"Huyu si ng'ombe," nikasema, na fagio halikusimama.

"Umeongea kama kaka," akasema.

Nikamwambia aende nyumbani kwake. Alipoondoka nikatoka na fagio langu mkononi mpaka nyuma ya mibuni, pale tulipomzika. Nikamwambia ulikuwa sahihi. Nikaona hiyo haitoshi, nikapandisha sauti, majirani wasikie wakitaka: kwa nini ulicheka tu? Kwa nini hukuacha kufagia ukanishika mkono, ukanyanyua ule mguu, ukaniambia, mke wangu, tazama? Ningekuelewa! Mimi ni nesi!

Halafu nikakumbuka nilichokuwa nimemjibu Pasaka ile, na kwamba mtu aliyeambiwa vile hana sababu ya kueleza kitu. Nikarudi bandani kumalizia kona iliyobaki.